Upande Mmoja wa Leso: Siku Ndogo za Ndoa na Namna ya Kuzihifadhi

Mavyaa wangu, mamake mume wangu, alipofariki, Februari 2022, alituachia sanduku la mbao lenye njumu za shaba, na ndani yake leso 31. Tulizihesabu mara mbili, mimi na wifi zangu wawili, tumekaa juu ya mkeka chumbani kwake Kibokoni, Mombasa. Kila moja ilikunjwa sawasawa na nyenzake, na katikati ya mikunjo alikuwa ametia vijiti vya udi na asumini zilizokwisha kukauka zikawa rangi ya chai. Tulipoanza kuzifunua ndipo tulipoona jambo ambalo hatukulitarajia. Hapakuwa na doti kamili, yaani pande mbili pamoja, hata moja. Zote 31 zilikuwa upande mmoja mmoja.

Wifi mkubwa akasema huenda mama aliuza nyingine wakati wa shida. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilijua si hivyo. Nilishamwona akikata.

Ilikuwa Agosti 1997. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, mkaza mwana mgeni bado, nikikaa nyumbani kwake. Vurugu zilipozuka Likoni, watu walivuka feri na magodoro kichwani, wengi wao watu wa bara waliokuwa wakiishi kule. Mama mmoja aliyezoea kutuuzia mchicha mlangoni alifika na watoto wawili na sufuria moja. Mavyaa hakumuuliza neno. Alimfungulia chumba cha uani, na mama yule akakaa wiki mbili. Siku ya kuondoka kurudi kwao, mavyaa alitoka asubuhi akarudi na doti mpya, ya zambarau, pindo lake korosho nyeupe, jina lake "Wema hauozi". Aliitandaza barazani, akautafuta mstari wa katikati kwa kidole, akaanza kukata taratibu mpaka mwisho. Hakuna aliyesema kitu, ulisikika mkasi tu. Kisha akampa upande mmoja akamwambia, "Huu wako, huu wangu. Tukikutana tutazishona."

Mimi nikadhani ni jambo la siku ile tu. Miaka 25 baadaye, mbele ya sanduku, nikaelewa kuwa ndivyo alivyokuwa akifanya maisha yake yote. Siku yenye uzito ikimpitia, alikwenda Mtaa wa Biashara kununua doti, upande mmoja akampa aliyesimama naye siku ile, wa pili akautia sandukuni. Qur'ani aliisoma vizuri, lakini kuandika hakukuzoea. Sanduku lile ndilo lililokuwa kitabu chake, na sisi tuliokaa naye nyumba moja hatukumwomba hata siku moja atusomee.

Nayaandika haya kwa ajili yako wewe ambaye mavyaa wako, au nyanya yako, au khale yako, bado yuko hai. Mwendee wiki hii.

Nikueleze nilivyofanya mimi, maana nilikosea kwanza. Nilibeba leso kumi kwenye mfuko nikaenda Kuze kwa khale, mdogo wake mavyaa, mtu mzima wa miaka zaidi ya sabini. Nikatoa kalamu na daftari nikaanza kumuuliza: hii ya mwaka gani? Na hii? Baada ya leso ya tatu akanyamaza. Nikaona nimemchosha. Akaniambia, "Mwanangu, miaka mimi siijui. Mimi najua mambo."

Siku ya pili nikaenda baada ya alasiri, kalamu ikabaki mkobani. Nilichukua kahawa na tende. Nikampa leso moja tu mikononi, nikakaa. Akaipapasa, akainusa, akaufuata upindo kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Hii ni ya mvua ile iliyokata njia ya bara." Mafuriko ya 1961! Posa ya bavyaa, babake mume wangu, ililetwa wakati ule, na ami yao aliyetakiwa kujibu alikuwa amekwama safarini, kwa hiyo watu walisubiri jibu karibu mwezi mzima huku bibi harusi mtarajiwa hali vizuri kwa wasiwasi. Upande wa pili wa leso hiyo alipewa khale mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyelala naye kitanda kimoja usiku zile zote. Akainuka pale pale, akafungua kabati, akautoa. Umechakaa mpaka unaona mwanga kupitia kwake, alikuwa akijifunga kwa kupikia.

Ndivyo tulivyokwenda alasiri zote zilizofuata. Ukitaka mzee akukumbukie, usimuulize tarehe. Muulize mambo: mvua gani ilikuwa ikinyesha, nani alikuwa na mimba, mlikuwa mkikaa nyumba ya nani, mlikuwa mkivuka vipi. Tarehe utaitafuta wewe mwenyewe baadaye. Leso ya kisutu ilikuwa ya nikaha yenyewe, 1962. Nyingine ilikuwa ya mwana wa kwanza, aliyezaliwa "bendera ikipandishwa", yaani Desemba 1963. Wifi mdogo ni wa mwaka lilipofunguliwa daraja jipya la Nyali, 1980, na khale akakumbuka hata daraja la zamani la kuelea lilivyokuwa likicheza chini ya miguu, na mavyaa alivyokataa kulipita tumbo lilipokuwa kubwa. Kulikuwa na leso moja nyeusi na nyeupe ambayo khale hakuipokea mkononi. Aliitazama tu. Aprili 29, 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu zaidi ya 270 wakafa, na jirani mmoja alipoteza watoto wawili wakienda kazini. Upande wa pili uko kwa mama huyo.

Kwa alasiri tisa khale alizitambua leso 14.

Mambo mengine niliyojifunza kwa khale nayasema kwa haraka. Mwendee mzee peke yako, maana mbele ya watu atasema yale ya heshima tu. Nenda na kitu cha kushika, iwe picha, bakuli, kipini cha pua, chochote. Akitoka nje ya habari mfuate huko huko, mara nyingi kule ndiko kwenye utamu. Usimsahihishe. Ukitaka kumrekodi kwa simu muombe kwanza. Khale alikataa, hakutaka sauti yake izunguke kwenye masimu ya watu, na mimi nikaheshimu. Niliandika kila usiku nikirudi nyumbani, kabla ya kulala, kwa maneno yake mwenyewe kadiri nilivyoyakumbuka.

Leso sita nilizijua mimi bila msaada wa mtu. Hilo nalitaja kwa sababu linahusu daftari, na daftari ndilo ninalotaka sana ulichukue kwangu.

Nilianza kuandika 2001. Nilimpeleka mwanangu wa pili kliniki, muuguzi akaniuliza dada yake alianza kutembea na miezi mingapi, na sikukumbuka. Mtoto wangu wa kwanza! Aliyezaliwa Novemba 1997 kwenye mvua za El Niño, barabara zimejaa maji mpaka teksi ikakataa kuingia mtaani kwetu, ikabidi babake na ami yake wanibebe kwenye kiti mpaka barabara kuu. Hayo yote niliyakumbuka. Uzazi nilikumbuka, arobaini nilikumbuka, nani alinikanda na maji ya moto na nani aliniletea uji wa pilipili manga. Lakini siku mwanangu alipopiga hatua kutoka mlangoni mpaka kwenye mtungi, hiyo ilinipotea. Nilitoka pale nikaenda duka la vitabu nikanunua daftari la kurasa 96.

Sheria yangu ni mistari mitatu, haizidi. Ukijitwika kuandika ukurasa mzima, mwezi wa pili utaacha. Nakunukulia machache yalivyo:

"Juni 14, 2001. Meno mawili ya juu yameota. Amemng'ata babake begani, babake amefurahi."

"Februari 2, 2009. Tumehamia Kisauni. Mkokoteni safari mbili. Mavyaa ametuletea mahamri na mbaazi na birika la chai ili nisiwashe jiko siku ya kwanza."

"Agosti 2011, Ramadhani. Mwana kafunga siku nzima, mara ya kwanza. Saa kumi alilala mlangoni akisubiri adhana. Amefungulia dafu."

Ukiyasoma hayo wewe huoni kitu. Mimi nikisoma ule mstari wa mahamri naiona kawa iliyofunika sinia, naiona mikono yake ikitetemeka kidogo kwa uzito wa birika. Na ndiyo iliyonijulisha leso mojawapo, kwa sababu upande wa pili wa leso iliyofunika birika lile niko nao mimi. Alinipa pale mlangoni. Nikaupokea kama zawadi ya nyumba mpya, kumbe alikuwa akiniandika kitabuni mwake.

Daftari liwe la nyumba nzima. Langu liko juu ya friji, kalamu imefungwa kwa uzi. Kwa miaka mingi mume wangu hakulishika. Alikuwa karani wa mizigo bandarini Kilindini, akirudi amechoka, na aliona ni mambo ya wanawake. Kisha 2012 mamangu aliugua nikaenda kumuuguza siku tisa. Niliporudi nikakuta mwandiko wake: "Siku ya tatu. Wali umeungua chini. Kitinda mimba kauliza mama anarudi lini, mara saba. Sikujua kama nyumba hii ina kazi nyingi hivi." Nimeletewa dhahabu na mume huyu, na Mungu ambariki kwa hiyo dhahabu, lakini mistari ile niliisoma nimesimama jikoni na buibui bado mwilini, na mpaka leo ndiyo ninayoirudia nikimkasirikia.

Na kukasirikiana kupo. Tuko pamoja tangu Desemba 1996, wiki chache kabla ya Ramadhani, na ndoa ya muda huo lazima iwe na majira yake. Ushauri wangu hapa ni mkali kidogo: ugomvi usiuandike ukiwa na hasira. Subiri siku tatu. Baada ya siku tatu, ikiwa bado unataka kuandika, andika ulivyokwisha, siyo ulivyoanza. 2008 mume wangu alikaa miezi sita bila kazi, na kuna wiki tulipita kwenye korido kama wapangaji. Katika daftari kuna mstari mmoja tu wa wakati ule: "Leo tumekula sinia moja." Wanangu wakisoma watajua palikuwa na siku hatukula sinia moja, na zaidi ya hapo hawana haja ya kujua. Siri ya chumba ni sitara ya watu wawili, haiandikwi popote, wala haipigwi picha.

Karatasi za serikali nitazipitia upesi, lakini usizipuuze. Bavyaa alipofariki 2004, mavyaa aliambiwa alete hati ya ndoa ndipo mambo ya mafao yaendelee, na hati hakuwa nayo. Ndoa ilifungwa msikitini, watu wakala pilau, ikawa imekwisha. Ilibidi kwenda kwa kadhi na mashahidi waliokuwapo, na waliokuwapo mwaka 1962 walikuwa wamebaki wawili, mmoja wao hasikii vizuri. Mjane aliye kwenye eda hapaswi kuhangaishwa na jambo ambalo lingemalizwa kwa karatasi moja. Siku hizi Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, ya Kiislamu, ya Kikristo, ya Kihindu, ya kimila na ya kiserikali. Basi mabwana harusi, msitoke kwenye nikaha mpaka mjue hati itatoka lini na nani anaifuata. Na mtoto akizaliwa msajilini ndani ya miezi sita, kisha soma cheti herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani. Wa pili wangu aliandikwa jina kimakosa, nami sikuangalia. Tukaja kulihangaikia alipofika darasa la nane, wakati wa kujiandikisha mtihani, miezi miwili ya kupanda na kushuka ngazi za ofisi.

Picha nazo zina adui hapa kwetu, nao ni hewa ya chumvi. Video ya kupamba kwangu ilikuwa kanda ya VHS. Tulipotaka kumwonyesha binti yetu, ilikuwa imeota ukungu mweupe ndani, na fundi aliyejaribu kuisafisha akairudisha imekatika. Usiku ule wote, singo, hina, vugo, mamangu akicheza, haupo tena. Picha za albamu zenye karatasi ya nailoni inayonata zilikuwa zimegandana, nikazibandua moja moja kwa uzi. Sasa nimezitia kwenye bahasha za karatasi, ndani ya kopo la biskuti linalofunga vizuri, mbali na ukuta wa nje. Nyuma ya kila picha nimeandika kwa penseli, kwa sababu wino huvuja upande wa pili. Nimeandika majina ya watu wote waliomo, kutoka kushoto kwenda kulia. Usiseme "mimi nawajua". Wajukuu wako hawatawajua. Picha za kupamba, ambazo wanawake wako kichwa wazi, zinakaa kwenye bahasha yake, na nimewausia mabinti zangu wasizitie kwenye simu kabisa.

Nije kwenye harusi ya binti yangu. Tulikuwa tumepanga mambo makubwa, ukumbi, biriani ya watu mia nne, na mimi nilikuwa nimeshaanza kukopa. Kisha ikaja korona. Mei 6, 2020 Mji wa Kale ukafungwa, hapaingiwi wala hapatokwi, na mavyaa alikuwa ndani, Kibokoni. Misikiti ilikuwa imefungwa pia. Nikaha ikasomwa sebuleni kwetu Kisauni, baada ya Idi, watu wachache tu, na simu imewekwa juu ya meza, sauti imefunguliwa, ili mavyaa asikie. Bwana harusi aliposema amekubali, tulisikia vigelegele kutoka kwenye simu, vya mtu mmoja, virefu, mpaka pumzi ikamwishia. Nikalia sana.

Ukumbi nisingeukumbuka hivyo. Sisemi watu wasifanye harusi, harusi ni furaha ya mji mzima. Nasema, mwanangu, ukiwa na pesa ya siku tatu za kupambwa, weka kando ya kununua daftari, na mwaka wa kwanza wa ndoa yako uuandike. Siku mliyopika pamoja mara ya kwanza. Kodi ya kwanza mliyolipa bila kukopa. Siku alipokuita jina ambalo sasa analiita kila siku. Mwaka huo watu wengi huupita kama basi la usiku.

Mji wa Kale ulipofunguliwa mwezi wa Juni, mavyaa alikuja na bajaji, mkobani ana doti ya kijani na mkasi. Akakata mbele yetu. Binti akapata upande wake. Leso ya mwisho sandukuni ni hiyo, na safari hii tarehe iko kwenye daftari, pamoja na aliyoyasema na rangi ya uzi aliotaka upindiwe.

Leso saba nyingine tulizipata kwa watu: jirani wa Bondeni, mkunga mstaafu, mke wa muuza kahawa, wengine ambao hatukujua kabisa kuwa walikuwa na nafasi katika maisha yake. Kila tulipobisha mlango, mtu aliingia ndani akatoka na upande wake. Hakuna aliyeuliza leso gani.

Zimebaki nne. Tatu sijui pa kuanzia. Ya nne ni ile ya zambarau yenye pindo la korosho nyeupe, iliyokatwa barazani Kibokoni Agosti 1997. Mama yule alikuwa akiuza mchicha, alikuwa na mvulana wa kama miaka sita na msichana anayenyonya, na alisema anarudi kwao bara. Watoto hao sasa ni watu wazima, huenda mmoja wao anasoma hapa. Kama nyumbani kwenu kuna leso ya namna hiyo, upande mmoja, waulizeni wazee wenu. Upande wa pili ninao mimi, umefuliwa na kupigwa pasi, na nimeshanunua uzi wa zambarau.